Kuutafuta Uso wa Mama Mjini Morogoro

Mimi napenda picha. Nalisema mapema asije mtu akadhani nilisomea mahali. Shule niliiacha darasa la pili, kule misheni milimani, na kalamu niliishika baadaye sana, ya kuweka sahihi tu. Lakini picha naijua. Nionyeshe ng'ombe aliyechorwa ukutani, nitakuambia kama mchoraji aliwahi kumkaribia ng'ombe au alimwona kwenye kopo la maziwa.

Ugonjwa huu ulinishika enzi za ruksa. Kabla ya hapo Morogoro haikuwa na picha za kutazama. Duka la ushirika liliandikwa jina lake mlangoni, basi. Halikuwa na cha kuuza, kwa hiyo halikuwa na sababu ya kumwita mtu. Ilipokuja ruksa ya kila mtu kufanya biashara, kila mwenye chumba cha mbele akakifanya duka, na kila mwenye duka akataka mteja asimame kwake asiende kwa jirani. Kuta zikaanza kuita watu. Kuku wa kuchoma, vichwa vilivyonyolewa, mashati, vyerehani, soda zenye povu mpaka unameza mate. Wakati huo nilikuwa nimeshasimika mashine yangu ya kusaga pale Mwembesongo, kwa jasho langu, hakuna aliyenishika mkono, na Jumapili baada ya misa nilikuwa nauzunguka mji kwa miguu kutazama kilichoongezeka. Watu walidhani nachunguza biashara zao. Niliwaacha wadhani.

Ruksa hiyohiyo ilileta uongo mwingi. Betri za redio zilizokufa zilifutwa vumbi zikarudishwa kwenye makaratasi yake. Mafuta ya taa yalitiwa maji. Mchele wa Dakawa ulichanganywa na mchele wa sijui wapi, gunia zima likaitwa Dakawa. Aliyekuwa mjini miaka ile akaamini kila alichoambiwa, leo amepanga. Mimi nina nyumba.

Sasa, katika picha zote nilizozitazama, moja ndiyo niliyoitaka, na hiyo haikuwepo. Mama yetu hakupigwa picha hata siku moja. Alifariki mimi bado sijaanza hata hiyo shule yangu fupi. Nakumbuka mgongo wake, maana nilibebwa. Nakumbuka kanga yenye moshi wa kuni mbichi. Uso, hapana. Nikiutafuta napata mtu amesimama mlangoni, jua liko nyuma yake, basi, giza tupu pale palipo na uso.

Aliyekuwa anaukumbuka ni dada yangu. Yeye ni mkubwa kwangu, alikuwa ameshachezwa ngoma ya unyago na kutolewa ndani mama alipotuacha. Wengine waliomjua mama, mmoja mmoja, tulikuwa tumeshawazika. Na mwaka mmoja, enzi hizohizo za ruksa, dada akaanza kulalamika kwamba anaona ukungu hata siku za jua. Mtoto wa jicho. Zahanati walimwambia ateremke mpaka Dar es Salaam akapasuliwe. Akajibu kwamba hajazaliwa mtu wa kumtia yeye kisu cha jicho, akarudi shambani kwake. Jicho la kushoto likaenda. La kulia likabaki, na lenyewe ni la kuchungulia.

Nikaona wazi kinachokuja. Jicho hilo likifumba, mama anakwenda nalo. Hata achorwe vipi baada ya hapo, hatakuwepo mtu duniani wa kusema huyu ndiye au huyu siye.

Nikampelekea salamu ateremke, tuzunguke mji, tutafute mkono wa kumchora mama wakati bado yupo wa kuukosoa. Akateremka siku ya pili yake, na kapu la njegere kichwani, kwa sababu mwanamke wa kwetu hashuki mjini mikono mitupu. Alikubali upesi mno. Hilo likanikaa vibaya. Dada yangu hajawahi kukubali jambo langu kwa mara ya kwanza, hata nilipotaka kuoa. Usiku nikamtazama anavyokula nikajiuliza anataka nini.

Asubuhi nikamwamkia, shikamoo dada, akaitikia, tukanywa chai, tukatoka.

Nilianza na bucha. Pale kulikuwa na dume la ng'ombe ukutani ambalo mimi nililipenda kuliko picha zote za mji. Wachoraji wengine walimchora ng'ombe anacheka, kana kwamba amefurahi kuchinjwa. Huyu alikuwa amekasirika. Kichwa amekiinamisha, jicho moja limekuona. Dada alifunika jicho bovu kwa kiganja, akasogea mpaka pua ikakaribia ukuta, kisha akarudi nyuma hatua.

"Huyu ana roho mbaya," akasema. "Aliyemchora aliwahi kukimbizwa."

Nikamuuliza mwenye bucha jina la fundi. Akasema ni mchora mabango mmoja mwenye kibanda nyuma ya soko, mtu wa kusini huko. Dada akataka twende papo hapo. Nikakataa. Mimi sinunui kwenye duka la kwanza. Unazunguka kwanza, unaona vibaya vyote, ndipo unajua kizuri kimekaaje.

Kinyozi wa jirani alikuwa na vichwa vya wanaume ubaoni, safu juu ya safu, kila kimoja na mkato wake. Nilikuwa nimevisifia mara nyingi. Dada akapita navyo kimoja kimoja na lile jicho lake, akasema, "Hawa wote ni mtu mmoja. Anabadilishwa nywele." Nikatazama upya. Kweli. Pua ileile, midomo ileile, masikio yaleyale. Nilikuwa nimedanganywa muda wote huo na kinyozi. Sikumpa salamu siku hiyo.

Tukaenda kwenye baa moja ambayo mwenyewe alikuwa amechorewa ukuta mzima wa mbele, na huo ukuta uliniudhi tangu ulipochorwa. Ilikuwa ni milima ya Uluguru, mabonde yake, migomba, yote sawa, halafu juu kabisa imepakwa theluji. Nyeupe. Mwenye baa alikuwa anafagia. Nikamwambia ageuke atazame mlima wenyewe uko nyuma yake, aniambie theluji iko wapi.

"Mzee wangu," akasema bila kugeuka, "huo wa bure kila mtu anauona. Huu wa kwangu lazima uwe na kitu cha ziada."

"Hiyo ziada ni uongo."

"Wateja wanaagiza bia ya baridi kwa ajili ya hiyo theluji. Wewe unakunywa nini?"

Dada alicheka mpaka akaegemea nguzo. Mimi sikucheka. Mlima ule ndio uliotulea, na mtu anaupaka chokaa aongeze bia.

Studio ya picha ndipo palipotaka kunitia matatani. Kijana wa pale alitupokea kwa adabu, shikamoo mzee, shikamoo bibi, akatuketisha chini ya pazia lenye ndege na maghorofa. Nikamweleza. Akauliza kama hatuna hata picha ndogo, hata ya kundi, yeye atamkata mama pembeni amkuze. Nikasema hakuna. Akafikiri, akavuta droo, akatoa picha ya bibi mmoja aliyejifunga kilemba cheupe, amekaa kwenye kiti, mikono magotini.

"Huyu hajachukuliwa tangu nilipofungua," akasema. "Mzee, kina mama wa zamani ni hawahawa. Nikikuzia, nikamtia kwenye fremu ya kioo, nani atakuja kusema siye?"

Mkono wangu ulishaanza kunyanyuka nimzabe kofi. Lakini dada aliipokea ile picha, akaipeleka dirishani kwenye mwanga, na hapo ndipo nilipoogopa. Nilimtazama yeye, si ile picha. Niliogopa asije akaafiki. Kwa sababu angeafiki, mimi ningefanya nini? Ningesema siye kwa ushahidi gani? Angeweza kunipa bibi yeyote, nikamtundika ukutani nikamsalimia kila asubuhi mpaka kufa kwangu.

Dada akairudisha. "Huyu ana watu wake," akamwambia yule kijana. "Mrudishe ulikomtoa."

Tukatoka. Nikajisemea moyoni: leo unamchunga fundi, na unamchunga dada pia. Yeye ndiye macho, na macho hayo hayana wa kuyakagua.

Karibu na hoteli ya wageni palikuwa na mwuza vinyago. Alipotuona tunatazama akatoa kichwa cha mwanamke mzee, cheusi tii, kizito machoni, akatwambia ni mpingo wa kale, umechongwa na mzee ambaye sasa ni marehemu. Nikatia mate kidoleni nikasugua shavu la yule bibi. Kidole kikatoka cheusi. Rangi ya viatu. Chini yake mti mweupe laini, nadhani ule wa kutengenezea masanduku. Nikamwonyesha kidole changu, hakuona hata haya, akanipa kitambaa nijifute.

Jua lilikuwa limepanda. Dada akalalamika magoti, akataka kupumzika kanisani, na mimi kanisa kubwa nalipenda kwa ajili ya picha moja ya Bikira iliyo pembeni, iliyoletwa na mapadre wa zamani. Aliyeichora alijua mikono. Ukitazama mikono yake unajua huyu mama ana mtoto aliyekufa, hata kama uso ungefunikwa. Tulikaa pale kidogo. Dada alipiga magoti, akainuka kwa shida. Tulipotoka, pale kwenye ngazi, nikaona bora nimalize wasiwasi wangu.

Nikamuuliza, ile picha ikipatikana, yeye anadhani itakaa wapi. Mimi nilikuwa nimeshaandaa pahala pake sebuleni kwangu, juu ya redio kaseti, mbali na dirisha mvua isiifikie.

"Itakaa kwangu," akasema. Hakusita hata kidogo.

"Nani anamlipa fundi?"

"Wewe. Sikiliza, lumbu." Kwetu Uluguru hilo ndilo jina la dada kwa kaka na kaka kwa dada, na akilitumia ujue hatanii. "Watoto wako ni wa ukoo wa mama yao. Ndivyo tulivyo, si wewe wala mimi tulioanzisha. Ukifa wewe, mama anabaki ukutani kwa watu wengine. Watamtoa waweke kalenda. Watoto wangu ni wake. Wajukuu wangu ni wake. Mama hawezi kukaa ugenini."

"Kwa hiyo ulikubali upesi kwa sababu umekuja kuchukua."

"Nimekuja kuonyesha. Kuchukua kutafuata."

Nilitembea na hasira kutoka kanisani mpaka sokoni. Kilichoniuma ni kwamba hakusema uongo. Nyumba nimejenga mimi, mashine nimenunua mimi, na kwa utaratibu wetu bado mama yangu angekuwa mgeni kwangu. Lakini nikawaza na lingine, la ubaya zaidi: mtu aliyekwisha kuamua picha ni yake, je, hatakubali sura yoyote ile, mradi aondoke nayo?

Kibanda cha mchora mabango kilikuwa nyuma ya soko, bati moja juu na plaiwudi zimeegemezwa pande zote. Mwenyewe alikuwa mtu mzima, mwembamba, kofia ya kushonwa kwa mkono imechujuka, vidole vina rangi zote. Alikuwa anachora kibao cha daktari wa meno, jino kubwa kama kiti. Alituamkia, akatupa benchi tukae, akaendelea na jino lake huku nikimweleza. Alisikiliza vizuri. Nilipomaliza akaweka brashi kwenye kopo la mafuta ya taa, akauliza:

"Marehemu mama alikuwa wa wapi, mzee? Ukoo gani?"

Nikasimama. Nikamshika dada mkono tuondoke.

Mtu wa nje hawezi kuelewa. Kwetu ukimuuliza mtu mama yake ni wa ukoo gani, umemuuliza shamba lake liko wapi na nani ana haki nalo. Ardhi yote ya milimani imekaa upande wa mama. Na miaka ile walikuwa wameshaanza kupanda watu wenye magari, wanakuja na zawadi za sukari, wanauliza taratibu: mama yako alikuwa nani, bibi yako alizikwa wapi, na baadaye unasikia bonde fulani lina mwenyewe. Kule Mlali watu walikuwa wanasimulia mambo hayo kila gulio. Sasa mtu wa kusini, mchora meno, ukoo wa mama yangu anauulizia nini?

Nikamwambia hivyohivyo. Akanitazama kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Mzee, mimi nauliza nijue nimfunge kilemba cha namna gani," akasema. "Wanawake wa huku chini wanafunga hivi, wa juu sijui. Shamba mimi nililiacha kwetu lina korosho, na bado hilo moja limenishinda."

Dada alikataa kuondoka. Akamwambia, "Wa juu. Inatosha." Nikakaa, lakini upande, nikitazama njia.

Kazi ikaanza. Fundi alichukua kipande cha plaiwudi alichokwisha kukipaka rangi ya chini, akachukua mkaa wa jikoni, akasema, bibi, nieleze. Dada akaeleza. Uso si wa duara. Paji pana. Fundi akachora, dada akafunika jicho akasogea.

"Huyo ni mke wa mwalimu wa katekisimu."

Fundi akafuta kwa kitambaa. Akachora mwingine.

"Huyo ana mawazo. Mama hakuwa na nafasi ya mawazo."

Akafuta. Akachora mwingine, dada akasema huyo hata hamjui, hajawahi kumwona popote. Ubao ukawa wa kijivu kwa kufutwa. Mimi roho yangu ikashuka. Nilianza kuona kwamba dada mwenyewe labda hana uso wowote kichwani, ana maneno tu, na maneno hayachoreki.

Fundi akaweka mkaa chini. Akatutazama, mmoja, halafu mwingine, muda mrefu, mpaka nikataka kumuuliza kama ametuona mahali.

"Kati yenu," akasema, "nani aliyemchukua mama?"

Dada akavuta kanga yake. "Mimi nimemchukua baba, mpaka vidole vya miguu." Kisha akanielekeza kwa kidevu, mimi. "Mama ni huyo hapo."

Sikuwahi kuambiwa jambo hilo maishani mwangu. Nikadhani wamekubaliana kunifanyia mzaha. Nikamuuliza dada mbona miaka yote hii hajanieleza.

"Ungevimba kichwa," akasema. "Na kilikuwa kimeshavimba. Kaa hapo kwenye kopo."

Nikakaa kwenye kopo la rangi. Akavua ile kanga yake ya juu, akanifunga kilemba, kwa mikono yake, akikaza nyuma ya masikio kama kina mama wa huko juu wanavyofunga wakienda kulima. Mimi, mwenye mashine, katikati ya soko. Wachukuzi waliokuwa wamelala juu ya magunia wakaamka wote.

"Shikamoo mama mkwe," mmoja akasema.

"Bibi, ndevu zinachungulia," akasema mwingine.

Akapita mteja wangu mmoja wa Mwembesongo, akasimama, akanitazama chini ya kilemba, akaniuliza kwa heshima zote kama kesho nitasaga au ndiyo nimeingia kwenye uzazi. Nikamwambia kesho asije. Fundi akaniambia nisiseme, kidevu kinacheza.

Alichora haraka safari hii. Mkaa, kisha rangi, ile ya mafuta anayochorea mabango, akichanganya nyekundu na nyeusi na njano juu ya kifuniko cha kopo. Dada alisimama nyuma yake, kiganja kwenye jicho, na hakumwacha apumue.

"Punguza mashavu. Mama hakuwahi kushiba namna hii."

Fundi akapunguza.

"Masikio yaache. Macho yaache, macho ni yenyewe. Paji lenyewe. Hapo mdomoni pana kiburi. Hicho si chake, hicho amekitafuta mjini. Kitoe."

"Nakitoaje, bibi?"

"Legeza hizo kona. Zaidi. Umezidisha, sasa analia. Rudisha kidogo."

Haya yote nasemwa mimi, kwenye kopo, na siruhusiwi kujibu. Sikuwa naona ubao, umenigeuzia mgongo. Nilichokuwa naona ni uso wa dada ukitazama, na nilikuwa nausoma kama mtu anayesoma mizani ya mwenzake. Ilifika mahali akaacha kusahihisha. Akasema amechoka kusimama, akaenda kukaa benchi, akanyoosha miguu yake yote miwili mbele, kanga ya pili imeteremka begani. Magoti yalikuwa yanamtesa. Wachukuzi waliiruka miguu ile wakipita na magunia, na hakuikunja. Alipita padre kununua nyanya, dada akamsalimia hivyohivyo, miguu imenyooka.

Fundi aliendelea peke yake muda. Kisha akaniambia naweza kuinuka.

Nikavua kilemba. Nikazunguka nikatazama. Ilikuwa ni mwanamke. Si mzee sana, umri wa binti zangu sasa. Alikuwa na macho yangu, lakini mimi si yeye, na nikamtazama nikitegemea kitu kitanigonga kifuani, kama watu wanavyosema. Hakikunigonga kitu. Sikumjua. Nimesimama mbele ya mama yangu, au mbele ya mwanamke aliyebuniwa na mtu wa kusini, na sina namna ya kutofautisha. Nilisikia uchungu ambao sikuutarajia.

Wasiwasi ukanirudia wote. Dada amechoka. Anataka kupanda mlimani kabla ya mvua. Picha ameshasema ni yake. Atasema ndiye, yaishe.

Nikamwambia fundi ageuze ubao atazame dada. Na mimi nikasimama pembeni, sikuitazama picha tena. Nilimtazama dada.

Akapandisha kiganja kwenye jicho la kushoto. Akatazama.

Halafu akakunja miguu. Aliivuta yote miwili chini ya benchi, taratibu, akabananisha magoti. Akavuta kanga ikarudi begani, akaifunika vizuri mpaka shingoni. Macho akayashusha. Mwanamke mwenye wajukuu, mwenye mdomo uliokuwa umetusema wote tangu asubuhi, alikaa pale kama msichana ambaye mama yake ameingia ghafla akamkuta amekaa vibaya.

"Ndiye?" nikamuuliza.

"Usipige kelele," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, sikuwahi kuisikia hivyo.

Mimi mdomo siuamini. Kichwa kinachoafiki siamini, machozi siamini, nimeona watu wakilia mbele ya mizani yangu huku wameweka mawe kwenye gunia. Lakini dada hakujua kwamba amekunja miguu. Nilipokuja kumwambia, miezi baadaye, alikana, akasema hajawahi kukaa na miguu imenyooka mbele za watu hata siku moja. Nikajua nimepata jibu langu.

Nikageuka nikautazama tena ubao, sasa kwa utulivu. Nikamwambia yule mwanamke shikamoo, ndani ya moyo, maana wachukuzi walikuwa bado wapo.

Bei tulipatana na fundi, siisemi. Akatuonya: rangi ni mbichi, usiku kucha haitakauka, isiguswe, isifunikwe na kitu, isiegemezwe. Nikamuuliza dada kama hawezi kulala kwangu mpaka ikauke. Akasema mbuzi wake hawajui habari za rangi. Nikamtazama, akanitazama kwa lile jicho moja. Habari ya sebuleni kwangu sikuitaja. Mama aliyekunjiwa miguu vile na binti yake, kwake ni kwa binti yake, hata mimi naliona hilo.

"Basi nani atabeba?" nikauliza.

"Mimi," akasema dada.

Na ile njia ya mawe, na jicho moja. Nikasema hapana. Mchukuzi mmoja akajitolea, yule wa mama mkwe. Nikamtazama viganja vyake vina mafuta ya samaki, nikasema hapana. Fundi akasema ana jamaa mwenye baiskeli. Nikamuuliza kama huyo jamaa ameshawahi kubeba mama yake kwenye baiskeli, akarudi kwenye jino lake.

Nikachukua ile kanga niliyofungwa kilemba, nikaizungusha ikawa ngata, nikaiweka kichwani. Mwanaume wa kwetu habebi kichwani. Anabeba begani, jembe, gunia, jeneza, vyote begani. Kichwani ni kwa wanawake. Lakini ubao wenye rangi mbichi haubebeki begani, ungelala kwenye shati. Lazima ulale sawa, uso juu, usiguse kitu chochote isipokuwa hewa. Fundi na dada wakauinua wakauweka. Nikasikia uzito wake, haukuwa mkubwa. Nikashika kingo kwa vidole vya mikono yote miwili.

Tukaondoka hivyo, tukakata mji kuelekea mlimani. Watu walinijua. Walinisalimia na sikuweza kuinamisha kichwa kuwaitikia, wakadhani nimezidi kuringa. Walio ghorofani ndio waliomwona mama, wengine nilikuwa nimembeba juu ya macho yao. Nzi mmoja alitufuata tangu sokoni na nilimwambia dada amfukuze, akasema hamwoni. Barabara ilipoisha, njia ya miguu ikaanza kupanda kati ya migomba, dada alikuwa nyuma yangu akiniambia niende taratibu, hapo pana jiwe, hapo pana mzizi, kana kwamba yeye ndiye mwenye macho. Juu ya mlima palikuwa na wingu dogo, jeupe, limekaa kimya tu. Sikuliamini hata kidogo. Nikaongeza mwendo.